Sijafeli kozi hata moja lakini nitachelewa kumaliza: mpango wa kozi za sayansi unapangwaje?

#1 Kipimajoto (mwenye uzi)
Wakuu, habari zenu. Niko mwisho wa mwaka wa pili, shahada ya sayansi, fizikia ndiyo somo kuu, mihula minane. Sina sapu (mtihani wa marudio), sina keri (kozi iliyofeliwa ya kubeba mwaka unaofuata). Jana nimekaa na mshauri wa masomo, kapiga hesabu mbele yangu, kaniambia nitamaliza muhula wa tisa.

Kisa ni aljebra mstari, hisabati ya vekta na matriksi. Nilitakiwa kuisoma muhula wa tatu. Ikagongana na maabara ya kemia kwenye ratiba, nikaona kozi ya krediti tatu haina haraka, nikaisogeza. Sasa Kwanta I (fizikia ya kwanta) iko muhula wa tano na inaidai kama kozi tangulizi, yaani lazima uipite kwanza. Aljebra yenyewe hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, mihula ya witiri, na Kwanta I vivyo hivyo. Kwa hiyo muhula wa tano nasoma aljebra, wa saba Kwanta I, wa nane Kwanta II, na Fizikia ya Mango (vitu yabisi), ambayo ni ya lazima na inataka Kwanta II, inaangukia wa tisa.

Nimelala vibaya jana. Hili ni kosa langu au mipango yenyewe imejengwa vibaya? Waliopita njia hii mlipangaje?

#2 Panzi
Pole mkuu. Hizo kozi tangulizi nusu yake ni urasimu tu. Mimi Kwanta I niliisoma bila aljebra mstari, mfumo wa usajili ulikuwa haukagui. Nikapata B. Matriksi mbili tatu unajifunza wikendi moja. Andika barua uruhusiwe, basi.

#3 Ngazi_Saba
Kosa umelifanya mahali ambapo wengi wanalifanya: umepanga kuanzia mwanzo kwenda mwisho. Mpango wa shahada ya sayansi unaanzia mwisho. Chukua kozi ya juu kabisa unayolazimika kuipita, hapo kwako ni Mango. Uliza inataka nini. Inataka Kwanta II. Hiyo nayo inataka nini? Shuka hivyo hivyo mpaka ufike kozi isiyodai kitu. Kila hatua andika inafundishwa muhula gani. Ukimaliza utaona kwamba kozi ya krediti tatu ya mwaka wa pili inashikilia mahafali yako.

Ukubwa wa kozi usiupime kwa krediti zake, upime kwa idadi ya kozi zinazoisubiri. Maabara ya kemia uliyoipa nafasi inasubiriwa na nani kwenye mpango wako?

#4 Kipimajoto
@Ngazi_Saba hakuna. Haisubiriwi na kozi yoyote. Ningeweza kuisoma hata mwaka wa nne.

#5 Bi_Mizani
Mimi nitaenda tofauti na Ngazi. Nilisoma kemia, mnyororo wangu ulikuwa umenyooka, nilikuwa nimeuchora hata ukutani, na bado nilianguka muhula wa nne. Kilichoniangusha ni maabara tatu kwa pamoja: oganiki, uchanganuzi, na fizikia. Kwenye fomu ya usajili zilisomeka krediti moja moja, jumla tatu. Nikajiona nina muhula mwepesi.

Maabara moja ni saa tatu za kusimama. Kabla yake unaandaa daftari, baada yake unaandika ripoti yenye grafu na hesabu za kosa la kipimo. Oganiki ikigoma kutoa fuwele unarudia. Zidisha mara tatu kwa wiki moja, halafu uniambie hizo ni krediti tatu. Nilikuwa nalala saa nne tu kwa usiku mzima. Kalkulasi ya vigeu vingi ndiyo ikalipa deni, nikapata sapu.

Kwa hiyo Kipimajoto, ulipoisogeza aljebra huenda uliokoa muhula wako wa tatu. Usijilaumu kirahisi. Ungebeba zote mbili tungekuwa tunasoma uzi mwingine hapa.

#6 Chembe_Hai
Baiolojia hapa. Kwetu mnyororo si mrefu kama wa fizikia, tatizo letu ni takwimu. Kila mtu anaiogopa anaipeleka mwaka wa mwisho, wakati huo huo ana mradi wa utafiti. Nimekaa na wenzangu waliokusanya data miezi mitano ndipo wakaenda kujifunza kwamba sampuli zao hazikuwa huru, yaani mmea mmoja umepimwa mara kumi wakauhesabu kama mimea kumi. Hakuna fomula inayoponya hapo.

#7 Tufe
Jamani mbona mnamtisha? Shahada ni krediti 120. Mwenye uzi jaza krediti mahali popote, ukifika 120 umemaliza.

#8 Nukta_Tatu
120? Kwetu ni 360. Nimeingia kwenye programu gani mimi?

#9 Mzee_wa_Maabara
Vijana, msichanganye mizani. Krediti si kipimo kimoja duniani. Marekani shahada ya miaka minne huwa karibu krediti 120 za muhula. Uingereza mwaka mmoja wa masomo ni krediti 120, hivyo shahada ya heshima ya miaka mitatu ni 360. Ulaya wanatumia ECTS, mfumo ulioanza 1989 kwenye mpango wa Erasmus wa kubadilishana wanafunzi: mwaka ni 60, miaka mitatu 180, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za darasani. Nukta_Tatu, kwa 360 yako bila shaka uko kwenye mfumo wa krediti ya saa kumi.

Na Tufe, kufikisha jumla hakutoshi. Nimeona kijana ana krediti kupita kiasi, hana kozi mbili za lazima za ngazi ya juu. Hakuhitimu.

#10 Darubini
Shikamoo Mzee. Naomba nisahihishe moja: saa 25 hadi 30 za ECTS si za darasani. Ni kazi yote ya mwanafunzi, ikiwemo mihadhara, maabara, kusoma peke yako, ripoti na maandalizi ya mtihani. Zingekuwa za darasani tupu, krediti 60 zingekuwa saa 1,500 hadi 1,800 kwa mwaka, hakuna ratiba inayobeba hizo. Krediti ya Uingereza nayo ni saa 10 za kazi yote, ndiyo maana wakibadilishana wanahesabu krediti mbili za Uingereza kwa moja ya Ulaya.

#11 Mzee_wa_Maabara
Marahaba. Umesema kweli, nilikosea hapo. Kazi yote.

#12 Bi_Mizani
Na kwenye mifumo inayohesabu saa za darasani, muhadhara wa saa moja kwa wiki ni krediti moja, maabara ya saa mbili au tatu nayo ni krediti moja. Hapo ndipo maabara tatu zinapojificha. Msiiache hoja yangu ikapita.

#13 Mchoraji_Grafu
Ninasoma sayansi ya kompyuta, na hili ni tatizo tunalolijua. Kozi ni vifundo, sharti ni mshale kutoka kozi moja kwenda nyingine. Kupanga vifundo ili kila mshale uelekee mbele kuna kanuni yake, A. B. Kahn aliichapisha 1962: tafuta kozi isiyo na mshale unaoingia, isome, futa mishale inayotoka kwake, rudia. Ukikwama kabla ya kumaliza, kuna mzunguko, yaani kozi mbili zinadaiana. Usicheke, nimeshakuta kitabu cha mwongozo chenye mzunguko, kozi A inataka B na B inataka A. Ziliandikwa na idara mbili zisizosomana.

Sasa hesabu ya Kipimajoto. Mnyororo wake una kozi nne tu: aljebra, Kwanta I, Kwanta II, Mango. Kozi nne ni mihula minne. Akianza muhula wa tano: tano, sita, saba, nane. Anamaliza kwa wakati! Kilichomvunja ni kwamba kozi hizo hufunguliwa mara moja kwa mwaka, kwa hiyo inakuwa tano, saba, nane, tisa. Kozi ya namna hii ikiteleza muhula mmoja, inaruka miwili.

Ndiyo maana sikubaliani na Ngazi moja kwa moja. Urefu wa mnyororo peke yake haukumchelewesha. Ratiba ya ufundishaji ndiyo imemchelewesha, na hiyo si kosa la mwanafunzi.

#14 Ngazi_Saba
@Mchoraji_Grafu nilisema "kila hatua andika inafundishwa muhula gani". Soma #3 tena kaka.

#15 Mchoraji_Grafu
Kweli ulisema. Samahani. Lakini bado nauliza ni nani aliyepanga maabara na aljebra saa moja, siku moja, kwa wanafunzi wale wale wa mwaka wa pili.

#16 Panzi
Mchoraji unamchorea mtu vifundo wakati ana barua ya kuandika 😄 Narudia: kozi tangulizi inaombewa msamaha. Aisome aljebra na Kwanta I sambamba muhula wa tano. Kwanta II wa sita, Mango wa saba. Tatizo limekwisha.

#17 Mzee_wa_Maabara
Panzi, kuomba kusoma sambamba ni wazo zuri na mimi namuunga mkono. Ila usimwambie ni urasimu. Kwanta tangu wiki za mwanzo inazungumza lugha ya aljebra mstari. Hali ya mfumo ni vekta. Kinachopimwa ni opereta, yaani kanuni ya kugeuza vekta moja kuwa nyingine, kama matriksi inavyofanya. Matokeo yanayowezekana ya kipimo ni thamani aigeni za opereta hiyo: kuna vekta ambazo opereta huzizidisha kwa namba tu, vekta hizo ni vekta aigeni na namba hizo ni thamani aigeni. Asiyejua vekta aigeni ni nini atakariri hatua, atapata hata hiyo B, na akifika Kwanta II kwenye spini (kama mzunguko wa asili wa chembe) atakuwa anasoma maandishi asiyoyajua herufi zake. Nimefundisha wanafunzi wa namna hiyo maabara ya mwaka wa nne. Wana uwezo, wanateseka bure.

#18 Panzi
Mzee kwa heshima zote, Kwanta II nilipata C. Sijawahi kuiunganisha na hilo. Nilidhani mhadhiri alikuwa mkali.

#19 Bi_Mizani
Kwenye kemia ni themodinamiki. Watu wanaingia kemia ya fizikia na kalkulasi ya kigeu kimoja. Halafu wanakutana na nishati huru inayobadilika kwa joto huku kanieneo imetulizwa, kisha kwa kanieneo huku joto limetulizwa, wanaona mwandishi anacheza na alama. Ni kalkulasi ya vigeu vingi tu. Walioisoma muhula mmoja kabla wanapita kwa utulivu. Mara nyingi kitabu cha mwongozo hakiidai, kinasema "inapendekezwa". Neno hilo "inapendekezwa" lisomeni kama amri.

#20 Nukta_Tatu
Mimi nilichelewa kwa sababu nyingine kabisa ambayo hamjaitaja. Nilibadilisha somo kuu, kutoka baiolojia kwenda kemia, mwishoni mwa mwaka wa pili. Krediti zangu zote zilihesabika, hakuna iliyopotea, ila ziligeuka kuwa za hiari. Kozi za hiari nilijaza mpaka zikamwagika, za lazima nilikuwa nazo chache.

Kwa walio mwaka wa kwanza: kama hujui bado unataka sayansi ipi, soma zinazotakiwa na zote. Kalkulasi, kemia ya jumla, fizikia ya jumla, na takwimu. Hizo ukibadilisha mawazo zinakufuata. Kozi ya botania ya ngazi ya pili niliyoipenda sana haikunifuata popote.

#21 Chembe_Hai
Asante kwa kuitaja takwimu 🙏 R. A. Fisher, aliyejenga sehemu kubwa ya takwimu za majaribio akiwa kituo cha kilimo cha Rothamsted, alisema mwaka 1938 kwamba kumwita mwanatakwimu baada ya jaribio kwisha ni kama kumwomba achunguze maiti: labda atakuambia jaribio limekufa kwa nini. Mimi ningeiweka muhula wa pili, kabla ya maabara zozote za maana.

#22 Bi_Mizani
Muhula wa pili ni mapema mno dada. Mwanafunzi hajagusa data yake mwenyewe, atajifunza vipimo vya takwimu kama sala isiyo na maana. Wa nne.

#23 Chembe_Hai
Wa nne ndio ule ulioanguka na maabara tatu. Ukiongeza takwimu hapo? Wa tatu basi, nimeshuka bei.

#24 Tufe
Swali la pembeni: ni "aljebra mstari" au "aljebra ya mstari"? Na "muhula" au "semista"? Kila chapisho lina lake.

#25 Ngazi_Saba
Tufe kwanza tulia na krediti zako 120. Mimi nasema aljebra mstari kwa kuwa ni jina la somo, kama sumakuumeme. Hatusemi sumaku ya umeme, hiyo ni kitu kingine, unaikuta kwenye kengele.

#26 Darubini
Nimekuwa mshauri wa masomo miaka kadhaa, naomba niseme upande wetu. Tuna wanafunzi wengi, tunaonana na kila mmoja dakika chache wakati wa usajili, na anayekuja huja na swali "naweza kusajili hii?" Jibu huwa ndiyo. Hakuna aliyeuliza "nikiiacha hii, nini kinakufa?" Siwaondolei washauri lawama. Aliyemruhusu Kipimajoto kuisogeza aljebra alipaswa kumwonyesha Kwanta pale pale. Hilo linaniuma kwa sababu najua nami nimeshasaini fomu za namna hiyo bila kufungua ukurasa wa pili.

Kipimajoto, mambo matatu ya kufuatilia wiki hii. Usomeaji sambamba, huamuliwa na mhadhiri wa Kwanta I mara nyingi, usiishie ofisi ya usajili. Kama kuna mtihani wa kuthibitisha kwamba kozi unaijua bila kuisoma darasani. Na kitabu cha mwongozo cha mwaka ulioingia, maana kwa kawaida unafungwa na masharti ya mwaka wako. Kagua kama kwa kundi lako Mango ni ya lazima kweli au ni moja kati ya kadhaa. Nimeona kozi zikigeuzwa kuwa za lazima kwa walioingia baadaye tu.

#27 Kipimajoto
Shukrani sana Darubini, nimeyaandika yote. Nakwenda kesho.

#28 Mchoraji_Grafu
Tunasubiri mrejesho. Usipotee kama wenye nyuzi wengine.

#29 Kipimajoto
Nimerudi wakuu. Mango ni ya lazima hata kwenye mwongozo wa mwaka wangu, hapo hakuna mlango. Mtihani wa kuthibitisha haupo idara ya hisabati. Lakini mhadhiri wa Kwanta I amenisikiliza karibu nusu saa. Kasema ataniruhusu kusoma sambamba, kwa sharti moja: wiki mbili kabla ya muhula kuanza anipe jaribio fupi la thamani aigeni na vekta aigeni. Nikipita anasaini. Nina likizo nzima ya kujiandaa, na sijui naanzia wapi.

#30 Panzi
Nilikwambia barua!

#31 Mzee_wa_Maabara
Anzia hapa hapa. Matriksi mbili kwa mbili, mstari wa juu 2, 1, wa chini 1, 2. Nitafutie thamani aigeni na vekta zake. Bila kikokotoo.

#32 Kipimajoto
Nimetoa λ (thamani ninayoitafuta) kwenye ulalo, nikapata (2 − λ)² − 1 = 0. Kwa hiyo 3 na 1. Vekta ya 3 ni (1, 1), ya 1 ni (1, −1).

#33 Mzee_wa_Maabara
Vizuri. Zidisha vekta hizo mbili, sehemu kwa sehemu, ujumlishe.

#34 Kipimajoto
1 − 1 = 0. Zina pembemraba kati yao.

#35 Mzee_wa_Maabara
Matriksi ni linganifu, ndiyo maana. Sasa hii, utakutana nayo kwenye spini: juu 0, −i. Chini i, 0. Hapo i ni namba ambayo i × i = −1.

#36 Bi_Mizani
Mzee umemrukisha ngazi 🙈

#37 Kipimajoto
Imenichukua jioni nzima. λ² − 1 = 0, kwa hiyo +1 na −1. Vekta ya +1 ni (1, i), ya −1 ni (1, −i). Nimezirudisha kwenye matriksi, zinakubali. Lakini nikizizidisha kama zile za jana napata 1 + 1 = 2. Haiji sifuri. Nimekagua mara nne, sioni kosa liko wapi.

#38 Panzi
Nami nimejaribu sasa hivi, nimepata 2. Mzee, matriksi yako si mbovu?

#39 Mzee_wa_Maabara
Matriksi ni nzima, na vekta zenu ni sahihi. Kwenye namba changamano, yaani zenye i, kabla ya kuzidisha unageuza alama ya i kwenye vekta ya kwanza. (1, i) inakuwa (1, −i). Rudieni.

#40 Kipimajoto
1 × 1 ni 1. −i mara −i ni −1. Sifuri!

#41 Panzi
Sifuri. Mwaka mzima wa Kwanta nilikuwa nageuza ile alama kwa sababu kitabu kiligeuza. Mzee, tupe nyingine.